Nilisema Jua Halilipiwi

Taarifa ile ilikuwa na kurasa 11, na uongo wake ulikaa katika safu moja tu ya jedwali, ile ya mwisho mkono wa kulia, iliyoandikwa juu yake "Hali ya mfumo". Chini ya maneno hayo nilijaza mara 16: unafanya kazi, unafanya kazi, unafanya kazi. Nilipokuwa nikijaza nilijua kwamba mifumo tisa kati ya hiyo 16 imezima. Kijana wetu wa kazi za vijijini alikuwa amenipigia simu siku nne kabla, akanitajia mmoja baada ya mwingine, kijiji kwa kijiji, nami nikaandika majina nyuma ya bahasha ya kaki. Bahasha hiyo ninayo mpaka leo.

Waliotufadhili nimekwisha kuwaambia. Wanakijiji walijua kabla yangu, maana giza lilikuwa kwao. Ninaandika kwa ajili yako wewe uliyewahi kutoa elfu kumi yako, au pauni zako ishirini, ili zahanati ya mahali usipopajua iwekewe sola, ukatumiwa picha ya utepe ukikatwa, ukalala kwa amani. Ninaandika pia kwa ajili ya wenzangu mnaoongoza mashirika madogo kama lile letu. Huenda nanyi mna bahasha zenu.

Tulikuwa wanne tuliolianzisha. Mmoja alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya umeme baada ya miaka zaidi ya 30, na ndiye peke yake kati yetu aliyeweza kuifungua kontrola ya sola akaieleza. Wa pili alikuwa dada mhasibu, mkali wa risiti. Wa tatu, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Delta ya Rufiji, ambaye bila yeye hakuna mwenyekiti wa kijiji ambaye angetupokea. Wa nne ni mimi. Kazi yangu ilikuwa kusema: kuandika maombi ya fedha, kuzungumza na wafadhili, kutoa hotuba. Wenzangu walinipa cheo cha mkurugenzi kwa sababu hiyo. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja Mbagala, Dar es Salaam, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na kila mwezi tulilipa kodi kwa kuchangishana. Sitaki msomaji adhani tulikuwa wezi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekula senti ya mradi, na mhasibu wetu angelijua siku hiyo hiyo. Kwa muda mrefu nilijificha nyuma ya ukweli huo. Nilijiambia kwamba mtu asiyeiba hawezi kuwa na kosa kubwa.

Fedha zetu zilitoka kwa Watanzania walioko Uingereza na Marekani, pamoja na majirani na wafanyakazi wenzao. Walichanga kidogo kidogo. Wengine walikuwa manesi wenyewe, wakifanya kazi za usiku huko, na walijua vizuri kuliko sisi maana ya chumba cha kujifungulia kisicho na taa. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba karibu watu bilioni 1 duniani hutegemea vituo vya afya visivyo na umeme kabisa au vyenye umeme usioaminika. Sisi tulichagua sehemu ndogo sana ya hesabu hiyo, vijiji vya Delta, mwalimu wetu alikozaliwa.

Rufiji unapokaribia Bahari ya Hindi hugawanyika mikondo mingi, na kati ya mikondo hiyo umesimama msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko mwingine wowote katika pwani yetu. Watu wanavua kambamiti, wanalima mpunga pale maji ya chumvi yasipofika, wanakwenda na kurudi kwa kufuata maji. Tulipoanza, nguzo za umeme hazikuwa zimefika katika vijiji tulivyovichagua. Vifaa tulivipakia boti Nyamisati, na nahodha alituambia saa ya kuondoka kwa kutazama bahari, akiwa hana haja ya saa. Hewa ya kule ina chumvi. Ukiacha kisu nje usiku mmoja, asubuhi kina madoa.

Mzee wetu wa umeme aliliona hilo siku ya kwanza. Aliandika barua ya ukurasa mmoja, kwa mkono, akataka mambo matatu. Bolti na nati za kushikia paneli ziwe za chuma kisichoshika kutu. Kila mahali afundishwe mtu wa kuangalia betri, apewe na vifaa vyake. Na pawepo na fungu la kununua betri mpya kabla zile za kwanza hazijafa, kwa sababu, aliandika, zitakufa.

Nieleze kidogo alichokuwa akikisema, maana ndipo mambo yote yanapoanzia. Betri ya asidi ya volti 12, ile inayoitwa madukani ya ampea 100, kwenye karatasi ina wati-saa 1,200. Lakini ukitaka ikudumie miaka, usitoe zaidi ya nusu yake kwa usiku mmoja, yaani wati-saa 600. Taa sita za wati 9 zikiwaka saa sita zinakula 324. Inabaki akiba ya kutosha siku ya mawingu. Sasa mtu akichomeka inveta na televisheni ya wati 60 kwa saa tano, ameongeza 300, na nusu ile imeshapitwa. Ukifanya hivyo kila usiku, sahani za risasi ndani ya betri zinashika ukoko mweupe, na betri iliyopaswa kukaa miaka minne haimalizi miwili. Mzee alituchorea hesabu hiyo ubaoni pale Mbagala. Nilimwelewa. Siwezi kusema sikuelewa.

Bolti za chuma kisichoshika kutu zilikuwa ghali mara kadhaa kuliko za kawaida. Tukanunua za kawaida, na fedha iliyookolewa ikatosha mfumo mmoja zaidi: 16 badala ya 15. Niliona 16 ni namba nzuri zaidi kuandika. Fungu la betri nililifuta mimi mwenyewe kwenye rasimu ya bajeti, nikiamini wafadhili hawapendi kusoma neno "matengenezo". Sikuwahi kuwauliza kama ni kweli.

Sasa nifike kwenye mkutano, kwa kuwa hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa. Taarifa ya uongo ilikuja baadaye sana.

Ilikuwa kijiji cha kwanza kabisa. Sitakitaja, kwa kuwa watu wake hawakuomba kuandikwa. Tulikusanyika uwanja wa shule, paneli zikiwa zimelazwa juu ya mkeka ili kila mtu azione, na betri kando yake. Nilizungumza vizuri, na nilijua ninazungumza vizuri. Akasimama bibi mmoja, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake cha kuweka na kukopa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza:

"Mwanangu, koroboi inakula mafuta ya taa, na kila jioni tunailisha. Hii yenu inakula nini?"

"Inakula jua, Bibi," nikajibu. "Na jua halilipiwi."

Uwanja mzima ulicheka na kupiga makofi. Yeye hakucheka. Alingoja makofi yaishe, akaelekeza fimbo yake kwenye betri.

"Jua halilipiwi, sawa. Na hilo sanduku?"

Kisha akaeleza walichokuwa wamekipanga wenyewe kabla hatujafika. Watu wengi kijijini walikuwa wakipeleka simu kuchajiwa kwa mwenye duka, au wakizituma kwa boti. Zahanati ikipata sola, kikundi kiruhusiwe kuchajia simu mchana, shilingi 300 kila simu. Simu kumi kwa siku ni shilingi 3,000, kwa mwezi 90,000. Fedha iwekwe kwenye kisanduku cha kikundi chenye kufuli tatu, kila ufunguo na mtu wake. Betri moja wakati ule ilitugharimu shilingi 370,000. Kwa hesabu ya Bibi, mwezi wa tano usingeisha kabla hawajapata betri ya akiba.

Nilikataa. Nilikataa mbele ya watu wote, kwa upole na kwa maneno mazuri, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Nilisema, "Bibi, mradi huu ni sadaka, na sadaka haiuzwi." Neno sadaka mbele ya Waislamu wale lilikuwa na uzito, na nililichagua kwa ajili ya uzito wake. Nilitumia neno la dini kumfunga mdomo mtu mzima aliyekuwa na akili ya mradi kuliko mimi. Akasema "Haya, mwanangu," akakaa.

Kwa nini nilikataa? Sababu niliyowapa wenzangu ni kwamba maombi yetu ya fedha yalisema huduma ni bure, na shilingi 300 ingetuletea maswali. Hiyo ilikuwa kweli kidogo. Kweli iliyobaki ni kwamba nilitaka tuwe watoaji, nao wawe wapokeaji. Kikundi cha wanawake wenye kisanduku chao, hesabu zao na funguo zao tatu hakikukaa vizuri ndani ya hadithi niliyokuwa nikiisimulia kwa wafadhili. Katika hadithi hiyo watu wa Delta walikuwa gizani, wakingoja. Mtu anayengoja hawi na mpango. Kwa hiyo niliuondoa mpango ili hadithi ibaki.

Hakuna anayeweza kunitetea kwa kusema mambo haya yalikuwa hayajulikani. Barefoot College, chuo kilichoanzishwa mwaka 1972 huko Tilonia, Rajasthan, India, kimekuwa kikiwachukua akina mama na mabibi wa vijijini, wengi wao wasiojua kusoma, kikiwafundisha ufundi wa sola kwa miezi sita, na katika vijiji vyao kaya huchanga kila mwezi kiasi kinacholingana na walichokuwa wakitumia kwa mafuta ya taa. Fedha hiyo ndiyo inayomlipa fundi na kununua vipuri. Chuo hicho kimefungua kituo Kinyasini, Unguja, ng'ambo tu ya maji. Shirika la SolarAid la Uingereza, lililoanzishwa mwaka 2006, liliamua kuuza taa ndogo za sola badala ya kuzigawa. Nilikuwa nimesoma habari za wote hawa. Niliwaona kama wafanyabiashara, na nilijiona mimi ni msafi zaidi.

Maneno yangu ya mkutanoni yakawa kauli mbiu yetu. Tukayachapa kwenye fulana za njano: Jua Halilipiwi. Wafadhili waliyapenda. Nilialikwa kuzungumza Dar es Salaam, Dodoma, mara moja hata Nairobi, na kila mahali nilisimulia mkutano ule, nikikomea kwenye makofi. Swali la pili la Bibi sikulitaja hata siku moja. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nilikuwa nimeshaanza kutia maji muda mrefu kabla ya jedwali lile.

Mfumo wa kwanza ulizima baada ya miezi 14. Ilikuwa shule ya msingi. Walimu walikuwa wameunganisha inveta ili watazame mpira, na hakuna aliyekuwa amewaambia kwa nini wasifanye hivyo. Mwingine paneli yake iling'oka na upepo wa kusi, bolti zimeliwa na kutu. Katika shule tatu nyaya zilishika ukungu wa kijani kwenye maungio, umeme ukawa haupiti. Kijana wetu alinieleza kila moja. Nami kila mara nilimwuliza, "Imezima, au inasumbua?" Alijifunza haraka jibu nililolitaka. Alikuwa na miaka 24, ana mke na mtoto mchanga, na mimi ndiye niliyemlipa mshahara. Hilo nalo naliweka hapa kama kosa langu, peke yake.

Halafu ikaja awamu ya pili. Wafadhili walikuwa tayari kutuma shilingi milioni 41 kwa ajili ya vijiji kumi zaidi, wakitaka kwanza taarifa ya hali ya vile 16. Ndipo nilipoandika nyuma ya bahasha, na siku nne baadaye nikajaza jedwali. Nilijiambia maneno ambayo naamini wengi wenu mmewahi kujiambia. Kwamba fedha ikifika, tutachukua kidogo tutengeneze vilivyozima kimyakimya. Kwamba nikisema ukweli, vijiji kumi vitakosa taa kwa sababu ya betri tisa. Kwamba hao walioko mbali hawataelewa mazingira yetu. Mzee wa umeme aliniuliza, "Vile vya zamani vinaendeleaje?" Nikamjibu vinasumbua kidogo. Mhasibu alitia saini kwa kuniamini. Mwalimu alikuwa amesikia mengi kutoka kwa ndugu zake, lakini kijiji alichozaliwa kilikuwa kwenye orodha ya awamu ya pili, akanyamaza. Kila mmoja wao amenieleza upande wake baadaye na sina la kuwadai. Simu nilipokea mimi.

Fedha zilifika ndani ya wiki sita.

Tulikwenda Delta kuzindua awamu ya pili wakati wa masika. Hatukupanga kulala katika kijiji cha Bibi. Maji yalikupwa mapema kuliko nahodha alivyotegemea, boti ikakwama kwenye tope, tukatembea hadi nchi kavu na kuomba hifadhi. Baada ya kula, nikatoka kwenda kumsalimia nesi wa zahanati. Ilipata saa tatu usiku. Jengo lilikuwa jeusi. Ndani nilikuta mwanga mmoja mdogo wa tochi ya simu, imesimamishwa kwenye kikombe, naye anaandika. Kitandani alilala mama aliyejifungua jioni ile.

"Karibu, Mkurugenzi," alisema. "Pita hapa, kuna ndoo hapo mbele yako."

Hakunilaumu. Alinieleza kwamba taa zilififia miezi saba iliyopita, zikawa zinawaka saa moja tu, kisha zikakata. Alipiga simu kwa kijana wetu mara tatu. Sasa simu yake ya tochi anaichaji dukani, kwa shilingi 300, kutoka mfukoni mwake. Kisha akanisogezea daftari la zahanati la wazazi, akaifunua miezi ile. Pembeni mwa baadhi ya mistari alikuwa amechora nyota ndogo kwa kalamu nyekundu.

"Hizi ni za gizani," alisema. "Nilifikiri ipo siku mtu ataniuliza."

Nilizihesabu. Zilikuwa 23. Nyota moja ilikuwa imezungushiwa duara, nikamwuliza kwa nini. Akasema mama yule alichanika, akamshona akiwa ameing'ata simu kwa meno ili mikono yote miwili ifanye kazi. Kidonda kikaharibika, wakampeleka kwa boti hospitalini akiwa na homa, mtoto mgongoni mwa dada yake. Alipona. Alikaa wodini wiki tatu, na mume wake aliuza nyavu zake kulipia.

Niliporudi tulikofikia, kijana wetu alikuwa amekaa nje. Alinitazama tu, akasema, "Kaka, nilikuambia." Ng'ambo ya uwanja duka la yule mwenye kuchaji simu lilikuwa linawaka taa mbili, redio inaimba. Sola yake ilikuwa ndogo kuliko yetu, ameinunua kwa fedha yake, na betri ameshaibadilisha mara mbili. Najua kuna watakaosoma hapa waseme: ndivyo walivyo, cha bure hawakitunzi. Nakataa. Watu wa kijiji kile waliomba kukitunza, wakaja na hesabu, wakaja na kufuli. Mimi ndiye niliyewakatalia. Zahanati ilizima kwa sababu kilichokuwa ndani yake tulikifanya kiendelee kuwa chetu, huku tukiwa kilomita nyingi mbali nacho.

Asubuhi nilifuta uzinduzi. Nilisema mvua. Huo ulikuwa uongo wangu wa mwisho katika kazi ile, na nauandika ili usibaki nje ya hesabu.

Mbagala niliwaita wenzangu, nikaweka bahasha mezani. Mzee wa umeme aliisoma, akaenda kwenye kabati, akatoa nakala ya barua yake ya bolti, akaiweka pembeni yake bila neno. Mhasibu alilia kwa hasira. Alisema jina lake liko kwenye taarifa ile, na kwamba nimemfanya asaini uongo baada ya miaka yote aliyotuhangaikia kwa risiti za nauli. Ndiye aliyetoa uamuzi: barua kwa wafadhili siku hiyo hiyo, na shilingi milioni 41 zisiguswe hadi waseme wao. Niliandika barua mara nne. Tatu za kwanza zilijaa maelezo ya mazingira magumu. Ya nne ilianza: "Nimewadanganya kuhusu mifumo tisa, na hii hapa orodha yake."

Wengine walidai fedha zao, wakarudishiwa. Wengine walinyamaza na hatukuwasikia tena. Mmoja, nesi anayefanya kazi Uingereza, aliniandikia maneno ambayo nayajua kwa moyo. Alisema kazini kwake kuna fungu la kubadilisha kila kitu, hata balbu, na kama ningemwambia betri zinakufa angechangia betri kwa furaha ile ile aliyochangia paneli. "Ulidhani tunataka picha," aliandika. "Sisi tulitaka taa." Kwa miaka yote ile nilikuwa nimewalaumu kimoyomoyo kwa jambo ambalo sikuwahi kuwauliza.

Kuna kosa jingine dogo zaidi kwa sura yake, na siwezi kulirekebisha. Betri za kwanza zilipokufa, sikutaka zirudishwe Dar es Salaam, maana zingeonekana. Nilimruhusu kijana wetu awauzie wanunuzi wa chuma chakavu kwa kilo. Betri kama ile ina uzito wa kilo karibu 30, na zaidi ya nusu yake ni risasi. Asidi ilimwagwa, sijui wapi, na risasi ikaenda, sijui kwa nani. Hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Nilikuwa nimekwisha kusikia habari za Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwatia wakazi sumu ya risasi. Phyllis Omido, aliyewaongoza kudai haki yao, alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Tulikuwa tukijiita shirika la nishati safi.

Fedha iliyobaki, kwa idhini ya waliobaki, tuliitumia kurudi tulikotoka. Hatukujenga hata mfumo mmoja mpya. Mzee wa umeme alichukua uongozi wa kazi, nami nikaachia cheo na kuwa mtu wa kubeba mabati na kufunga bolti, safari hii zile alizozitaka yeye. Katika zahanati tuliweka betri za lithiamu, ghali zaidi lakini zinavumilia kutumiwa karibu zote na hukaa miaka mingi kuliko za asidi. Katika shule tuliweka kontrola inayokata umeme yenyewe betri inapofika nusu. Kila betri ya zamani iliyokuwa bado ipo ilipakiwa boti ikiwa wima, ndani ya beseni, na tulipata risiti ya aliyeipokea mwenye kibali.

Na tulirudi uwanja ule wa shule. Niliomba radhi nikiwa nimesimama mahali pale pale nilipopigiwa makofi. Nilieleza kila kitu, pamoja na nyota 23. Nesi hakuwepo, alikuwa amehamishiwa kituo kingine, na daftari lenye nyota lilikuwa limejaa na kuwekwa kabatini. Wanawake watatu kati ya wale 23 walikuwepo mkutanoni. Mmoja alinyanyuka akaondoka nikiwa katikati ya maneno. Ana haki hiyo.

Bibi alikuwa amezeeka, anasikia kwa tabu, mjukuu wake akamrudilia maneno yangu sikioni. Nilitegemea anikemee. Alisema, "Radhi tumekupa. Sasa andikeni." Alitaka iandikwe katika muhtasari wa mkutano wa kijiji, na mtendaji agonge muhuri, kwamba sola ile ni mali ya kijiji, kwamba kuchaji simu ni shilingi 300, na kwamba fedha ni ya betri wala haitatoka kwa jambo lingine hata kwa msiba. Tuliandika. Alishika nakala yake mwenyewe, akaikunja, akaiweka ndani ya kanga.

Unayetoa mchango, usiridhike na picha ya siku ya uzinduzi. Omba picha ya usiku, mwaka wa tatu. Uliza nani ana ufunguo, betri itanunuliwa na nani, na ile iliyokufa iko wapi. Kiongozi asiye na jibu mpe muda akalitafute. Anayekasirika, mnyime.

Mwezi uliopita nilizunguka vijiji vyote tena, kwa boti ya nahodha yule yule, nikafika kila mahali baada ya jua kutua. Mifumo 13 kati ya 16 inawaka. Miwili ya shule haiwaki, nyaya zimeoza na fedha haijatosha. Mmoja, wa shule iliyo mkondo wa mbali kabisa, paneli zake ziliibwa na hatujaweka nyingine.